Barua kwa Mwanangu Kabla ya Mbio za Jua Kali

Mwanangu mpendwa,

Dada yako ameniambia kwamba umejiandikisha kukimbia nusu marathoni, na kwamba wiki hiyo inatabiriwa joto kali. Ningependa kulisikia kwako kwanza, lakini hilo tutalizungumza ukija. Kwa sasa nijibu jambo moja tu: ni nani atakayekusimamisha?

Nakuuliza hivyo kwa sababu wewe ukishaanza jambo huliachi, na sifa hiyo, ambayo nimejivunia mbele za watu miaka yote, ndiyo inayoninyima usingizi sasa. Mwili wa binadamu hukaa kwenye nyuzi 37 hivi. Mkimbiaji aliyezidiwa na joto hupita nyuzi 40, na akili ni miongoni mwa vitu vinavyoanza kumponyoka: huyumba, hujibu mambo asiyoulizwa, huwa mkali akiambiwa apumzike, na bado huamini kwamba yu mzima. Kwa hiyo usiniambie kwamba utausikiliza mwili wako, kwa maana kichwa cha kuusikiliza ndicho kitakachokuwa kimevurugika.

Wala usidhani kwamba kuacha mbio ni aibu. Katika marathoni ya wanawake ya mashindano ya dunia kule Doha mwaka 2019, iliyoanzishwa karibu na usiku wa manane ili kulikwepa jua, walianza wanariadha 68 na 28 kati yao hawakumaliza. Hao kazi yao ni kukimbia, nawe ni mtu wa ridhaa mwenye kazi nyingine ya kurudia Jumatatu.

Nasikia mazoezi yako yote umeyafanya alfajiri. Mbio zenu zinaanza saa mbili asubuhi, na watu wa kasi yako watakuwa bado barabarani baada ya saa nne. Mwili huhitaji takribani wiki mbili kulizoea joto, hadi ujifunze kutoa jasho mapema na kwa wingi, basi anza leo kutoka jua likiwa limepanda, taratibu, kwa muda mfupi. Hewa ikiwa na unyevu mwingi jasho halikauki, na jasho lisilokauka halikupozi hata likikutiririka mpaka viatuni. Siku ya namna hiyo saa yako ya mkononi iache nyumbani, na ile rekodi unayoitafuta uingojee msimu wa baridi. Nimesema, lakini najua utaivaa.

Kunywa maji ukiwa na kiu, si kwa kujilazimisha katika kila kituo, kwani maji yakizidi mno huipunguza nguvu chumvi ya damu, na wapo wakimbiaji waliokufa kwa hilo. Mengine jimwagie kichwani. Ukiwa umetoka kuugua homa au kuharisha, usikimbie kabisa. Zile dawa zako za maumivu usizimeze asubuhi hiyo, maana joto na upungufu wa maji tayari ni mzigo wa kutosha kwa figo.

Viatu vyako vya zamani viko hapa nyuma ya mlango. Nimevifua na kuvianika, nitavituma, usije ukavaa vipya siku yenyewe. Hivi lile beseni langu kubwa la kufulia ulilolichukua bado unalo? Usilirudishe kwanza. Dada yako alijaze maji, barafu na taulo, asimame mahali ambapo mbio zimekwisha kukuchosha. Akikuita kwa jina ukashindwa kumjibu sawasawa, akutoe barabarani bila kukuomba ruhusa, awaite watu wa huduma ya kwanza na aanze kukupoza papo hapo, kabla hata gari la wagonjwa halijafika.

Katika ukoo wetu hakuna aliyewahi kukimbia kilomita 21, na ukimaliza nitakuwa wa kwanza kuwatangazia majirani. Lakini nimeuliza swali. Mpigie dada yako kesho, mkubaliane atasimama kilomita ya ngapi, kisha uniandikie.

Mama yako