Barua kwa ndugu yangu wa Kibirizi, kutoka ziwa la barafu

Oshkosh, Wisconsin
Februari

Ndugu yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi. Sisi hatujambo. Natumaini wewe, shemeji na watoto ni wazima, na mzee bado anashuka mwaloni kila asubuhi kuulizia bei ya dagaa hata siku ambayo hana nia ya kununua.

Barua yako niliisoma mara nyingi, hasa pale uliposema kwamba tangu ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, ubishi haujaisha hapo Kibirizi: huyu anasema samaki walipata nafasi ya kuzaliana, yule anasema waliofaidi ni samaki, wavuvi walilala njaa. Ukaniuliza watu wa maziwa ya huku wanaishije na amri za namna hiyo. Nimengoja Februari ndipo nikujibu, kwa sababu jibu lenyewe liko juu ya barafu.

Ziwa letu linaitwa Winnebago. Lina urefu wa kama kilomita 48, na kina chake hakizidi mita 7 hata katikati. Kwako wewe uliyekulia Tanganyika hilo ni dimbwi. Lakini majira haya maji ya juu yanaganda hata magari yanapita. Vilabu vya wavuvi hutengeneza njia juu ya barafu, huweka madaraja penye nyufa, na pembeni ya njia husimika miti ya Krismasi iliyokwisha kazi, ili mtu asipotee theluji inapovuma.

Samaki anayewatoa watu wote hawa majumbani ni stajoni. Hana magamba, ana safu za vigae vya mfupa mgongoni na ubavuni, pua iliyochongoka, sharubu nne, na mdomo usio na meno uliogeukia chini, wa kufyonza vijidudu vya kwenye tope. Mwaka 2010 alichomwa mkuki mmoja hapa mwenye kilo 96, mrefu kupita mita 2. Jike hufika miaka 20 au 25 kabla ya kutaga kwa mara ya kwanza, na akishataga hupumzika miaka mitatu hadi mitano. Wapo wanaopita miaka 100. Sasa fikiria, ndugu yangu: ukiua jike mmoja leo, wa kushika nafasi yake atakomaa wakati mwanao wa mwisho ana watoto.

Jirani yangu, mzee aliyezaliwa hapahapa, ndiye aliyenichukua kwenye kibanda chake. Barafu hukatwa kwa msumeno wa mashine, likapatikana shimo ambalo kitanda kingeweza kutumbukia, na kibanda kisicho na dirisha kikawekwa juu yake. Mlango ukifungwa unakaa gizani kabisa, na maji ndiyo yanayong'aa chini yako, kijani, kama kuna taa iliyowashwa huko ndani. Baadhi yao hutupa maganda ya mayai au sahani nyeupe sakafuni mwa ziwa ili kivuli cha samaki kionekane. Katikati ya shimo huning'inia samaki wa mbao aliyechongwa na kupakwa rangi, wa kumvutia stajoni asogee kutazama. Wa mzee huyu alichongwa na baba yake, rangi imebanduka upande mmoja, na hataki ipakwe upya.

Chusa, yaani mkuki wa kuvulia, huning'inizwa ukingoni, kimefungwa kamba. Kichwa chake chenye meno ya kulabu kikishamwingia samaki huchomoka kwenye mpini, na mtu akabaki anavutana naye kwa kamba. Lakini hayo ni ya wachache. Kazi kubwa ni kutazama chini. Wapo waliokaa misimu na misimu bila kuona chochote, na kila mwaka wanarudi na watoto wao. Ndani ya kibanda kile ndimo mzee alimonisimulia habari za babu zake. Nje, mezani kwake, nimemjua kama mtu asiyeongea.

Nakuja sasa kwenye swali lako. Samaki hawa walivuliwa mpaka karibu waishe, na mwaka 1915 uvuvi wake ukapigwa marufuku. Chusa kiliruhusiwa tena mwaka 1932, baada ya miaka 17. Leo msimu huanza Jumamosi ya pili ya Februari, hauzidi siku 16, na kila siku ni kuanzia saa moja asubuhi hadi saa saba mchana. Leseni unainunua kabla Oktoba haijaisha, wakati hujui kama barafu itakuwapo. Mtu mmoja, samaki mmoja. Ukimpata, unampeleka siku hiyohiyo kwenye kituo akapimwe, aangaliwe ni dume au jike, na kama amekomaa. Lengo ni kutovuna zaidi ya asilimia 5 ya wakubwa. Majike waliokomaa, majike wachanga na madume, kila kundi lina kikomo chake, na kimoja kikijaa, msimu unafungwa hata kama siku zimebaki. Nyama haiuzwi, mayai hayauzwi.

Nilitarajia kusikia manung'uniko. Badala yake niliwakuta watu kituoni, wazee kwa watoto, wamesimama kwenye baridi kali wakisubiri kuona mizani ya samaki wa mtu mwingine, na kila mtu anajua vikomo vimefikia wapi. Hesabu ile ni yao. Mwaka 1977 mvuvi mmoja wa huku, Bill Casper, alianzisha umoja wa wavuvi wenyewe, Sturgeon For Tomorrow, wakawa wanachanga fedha za utafiti. Na Aprili, stajoni wanapopanda Mto Wolf kutaga kando ya mawe, wanajitolea watu kukesha kwa zamu ukingoni wasiibiwe. Wengi wao ndio haohao wenye machusa.

Nisikufiche upande mwingine. Wamenomini, wenyeji wa asili wa nchi hii, walikuwa wakimpokea samaki huyu kila masika kwenye maporomoko ya Keshena, baada ya njaa ya majira ya baridi. Mabwawa yalipojengwa mtoni chini ya maporomoko hayo, samaki hakufika tena kwa zaidi ya miaka 100. Siku hizi wanapelekewa samaki wa karamu yao ya masika. Ni jambo jema, lakini huwezi kusema deni limelipwa.

Ndiyo maana nakuandikia haya wewe uliye kwenye BMU, kikundi cha kusimamia uvuvi hapo mwaloni. Kabla ziwa halijafungwa tena, dai wavuvi wa Kibirizi wahesabu wenyewe mgebuka na dagaa wanaoshuka mwaloni, na namba zibandikwe hapo ambapo kila mtu anaziona. Mpeni kazi hiyo kijana anayelalamika kuliko wote. Na dai pia chakula cha miezi ile mitatu, maana huku hakuna anayelala njaa msimu ukifungwa, na tofauti hiyo ni kubwa.

Niandikie mkutano utakavyokwenda, na nani alisema nini. Mzee jirani naye anauliza kama ni kweli mnavua usiku kwa taa; nitumie picha nimwoneshe.

Nisalimie wote, na shikamoo nyingi kwa mzee.

Ndugu yako