Maji ya hita ni ya kuoga, ya ugali kinga kwenye baridi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako niseme hili la maji ya moto. Huku Arusha baridi ya mwezi wa saba sio ya mchezo, na tangu mtungi wa gesi uanze kuuma mfukoni kuna ushauri unazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp kwamba ukitaka kusonga ugali au kuchemsha maharage usianze na maji ya baridi, kinga ya moto kabisa kwenye bomba la hita, gesi itakaa. Wengi wameupokea, hadi mama mkwe wangu, na kumbishia yule jikoni kwake inataka moyo.

Tuanze na hela maana ndo wanayoitaja. Kama hita yako ni ya umeme hujaokoa kitu, umehamisha tu gharama kutoka kwenye mtungi kwenda kwenye LUKU, na lile tenki linapoteza joto usiku kucha hata kama hamna anayeoga. Halafu hita iko juu ya dari ya bafuni, jiko liko upande wa pili wa nyumba, bomba la nusu inchi la mita 10 linabeba karibu lita 2, kwa hiyo unafungua unasubiri, yanamwagika ya baridi kwanza ndo yanakuja ya moto, ukifunga yale ya moto yanabaki humo humo yanapoa bure. Mwenye sola ndo ana haki ya kubisha kidogo, jua halina bili.

Ila hata yeye aangalie kwanza ndani ya tenki. Nilikuwepo fundi anafungua hita ya nyumba tunayopanga, koki ya chini ikaanza kutoa maji meusi kama chai ya rangi, likafuata tope la kutu na vipande vyeupe vya chokaa, na ile fimbo ya magnesiamu, ambayo kazi yake ni kuliwa yenyewe ili tenki lisiliwe, imebaki waya mtupu. Sasa hayo ndo mtu anakorogea uji wa mtoto jamani.

Maji ya moto yanakula vyuma haraka kuliko ya baridi, na yakikaa masaa kwenye tenki ndo yanazidi. Kutu sio ishu kubwa sana, ni rangi na ladha tu. Shida ni madini ya risasi, yanaweza kuwepo kwenye koki za shaba na maungio ya zamani, na yanaharibu ubongo wa mtoto, Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Marekani walipiga marufuku kufunga mabomba ya risasi mwaka 1986 na mpaka leo mamlaka yao ya mazingira inawaambia watu wapikie maji ya baridi tu, hasa kwa maziwa ya kopo ya watoto.

Hapo ndo wanakuja na lile swali, si yanachemka tena jikoni? Yanachemka ndio, vijidudu vinakufa, madini hayafi. Sisi wa Arusha tusingetakiwa hata kuuliza, floridi ya kwenye miamba ya volkano huku kwetu tumeichemsha miaka na miaka na meno ya kahawia bado tunayo, kwa sababu mvuke unaondoka na maji madini yanabaki palepale, yaani yanakolea. (Najua floridi iko hadi kwenye ya baridi, hapa naongelea kuchemsha tu.)

Sisemi mtu amwage maharage yake leo. Nyumba mpya yenye mabomba ya plastiki na hita mpya hatari yake ni ndogo, na wenzetu wa Dar saa nane mchana hata bomba la baridi linawatolea ya moto kutoka kwenye simtanki, watafanyaje. Lakini kama unataka gesi ikae, loweka maharage usiku na funika sufuria, na asubuhi yale maji yaliyolala kwenye bomba yakinge kwenye ndoo ya kupigia deki kabla hujajaza birika.

Ombi langu, mwandishi wenu mmoja apite TBS, shirika letu la viwango, atuulizie, hizi koki za bei chee tunazouziwa madukani huwa zinapimwa risasi au zinapimwa tu kama zinavuja?

Msomaji wenu,
Arusha