Yah: Hedseti ya chaneli 7.1 isiyotoa sauti za nyuma, na jibu la fundi wenu

Ndugu Meneja wa Huduma kwa Wateja,

Naandika kwa heshima, ingawa kwenu sikuipata. Fundi wenu aliniambia kwenye simu, "Labda masikio yako ndiyo mabovu," kisha akalifunga lalamiko langu kuwa limetatuliwa, nami bado niko hewani.

Kimetatuliwa nini? Katika mipangilio ya sauti ya Windows nilichagua spika za 7.1 (saba, pamoja na moja ya besi) na kujaribu chaneli moja moja. Mbele kushoto, mbele kulia na kati zinasikika, na besi inanguruma. Pembeni mbili na nyuma mbili: kimya. Chaneli nne kati ya nane zimekufa, na kugundua hilo hakuhitaji sikio la mwanamuziki. Kwenye gemu ni balaa zaidi. Gemu linaamini kuna spika nyuma, linapeleka huko nyayo za adui, na kidude chenu cha USB, ambacho kazi yake ni kuzikunja chaneli nane ziingie kwenye spika mbili za masikioni, kinazimeza. Nikirudisha stereo nyayo zinasikika, kwa kuwa gemu lenyewe huchanganya kila kitu kushoto na kulia. Yaani hedseti yenu inafanya kazi vizuri pale tu ninapozima kile nilichokilipia!

Kabla ya kupiga simu nilishasasisha programu ya kidude, nikakijaribu kwenye kompyuta mbili, nikakisogeza kwa waya wa kurefusha mbali na matundu ya USB 3.0, maana hayo huvuruga mawimbi ya 2.4 GHz yanayounganisha hedseti na kidude bila waya. Hali ni ileile. Picha za skrini mnazo.

Fundi akasema nichomeke waya wa mm 3.5. Pini ile ina sehemu nne: kushoto, kulia, maiki na ardhi. Chaneli nane zipite wapi? Akasema niwashe Windows Sonic, yaani kipengele cha Windows cha kuiga sauti ya kuzunguka kwenye hedfoni, pamoja na programu yenu. Zikiwaka zote mbili, sauti inachakatwa mara mbili na kutoka kama ya mtu anayeongea ndani ya pipa. Windows Sonic peke yake inatoa nyayo vizuri, ila hiyo ni ya bure.

Nilikuwa namsomea matokeo, nimefika "nyuma kushoto, kimya", akanikatiza: "Dada, labda masikio yako ndiyo mabovu." Mtu wa pembeni yake akacheka. Nikasikia vibonye vya kibodi, na ujumbe ukaingia kwenye simu yangu: lalamiko limetatuliwa. Wala hajaniaga.

Nilikusudia kuomba kidude kipya tu. Sasa sikitaki. Nataka fedha zangu zote na gharama ya kuurudisha mzigo, lalamiko lifunguliwe upya, na fundi huyo aombe radhi kwa maandishi. Nawapa siku 7. Siku ya 8 nitaiomba benki irudishe malipo, na video ya jaribio pamoja na ujumbe wenu vitafika kwa mamlaka ya kulinda watumiaji.

Msinipigie simu. Nijibuni kwa maandishi.

Mteja wenu