Risala ya Klabu ya Fizikia kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Sayansi ya Shule, Arusha

Ndugu Mgeni Rasmi,
Mkuu wa Shule, walimu wetu, wazazi na walezi, wanafunzi wenzetu, itifaki imezingatiwa.

Kwa niaba ya Klabu ya Fizikia tunakukaribisha kwa moyo mkunjufu. Tunashukuru umeacha majukumu yako ukaja kutusikiliza.

Mwaka huu klabu imeshughulika na swali moja: kiini cha atomu kina umbo gani? Vitabu vyetu vya kiada hukichora kama tufe. Lakini viini vingi vizito vimerefuka, na tungependa kukueleza jambo hilo linajulikanaje, kwa sababu maombi yetu yote yanatoka hapo.

Kiini cha urani kina upana wa femtomita 15 hivi; femtomita ni sehemu moja ya milioni ya bilioni ya mita. Wimbi la mwanga tunaouona kwa macho ni refu kuliko upana huo zaidi ya mara milioni 20, kwa hiyo hakuna hadubini ya mwanga itakayokionyesha. Wanasayansi hukigonga kwa kiini kingine kilichoongezwa kasi, nacho huanza kuzunguka. Kinapopunguza mzunguko hushuka ngazi kwa ngazi, na katika kila hatua hutoa mwali wa gama, yaani mnururisho wenye nguvu usioonekana kwa macho, wenye nishati maalumu. Kuzipima nishati hizo ndiyo spektroskopia ya gama. Kwa kanuni za kwanta, yaani fizikia ya vitu vidogo mno, tufe kamili haliwezi kuwa na ngazi za mzunguko, maana likigeuka hakuna kinachobadilika. Ngazi hizo zikionekana, kiini kimerefuka au kimebonyea.

Kuna kipimo chepesi cha jambo hili. Kwa kiini kirefu kinachozunguka bila kubadili umbo, nishati ya ngazi ya pili huwa mara 3.33 ya ile ya kwanza. Kwa kiini cha tufe kinachotetema tu, huwa karibu mara 2. Tulifungua majedwali ya kituo cha takwimu za nyuklia cha Brookhaven, Marekani, yanayosomwa na yeyote bila malipo, tukatafuta urani 238; namba hiyo ni jumla ya protoni na neutroni za kiini. Ngazi ya kwanza iko kwenye kiloelektronivolti (kipimo cha nishati) 44.9, ya pili 148.4. Tukagawanya, tukapata takriban 3.3. Ndugu Mgeni Rasmi, furaha ya siku ile hatuwezi kuieleza yote. Mwanafunzi wa PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati) mwenye penseli na karatasi anaweza kuonyesha kwamba kiini cha urani, madini yale yale yaliyopo Mto Mkuju, Namtumbo, kimerefuka. Aage Bohr, Ben Mottelson na James Rainwater, walioeleza kwa nini viini hurefuka, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1975. Hesabu tuliyoifanya inatoka kwenye kazi yao.

Kuna pia viini vyenye umbo la parachichi, upande mmoja umejaa na wa pili umechongoka. Mwaka 2013 watafiti waliofanya kazi katika maabara ya ISOLDE, kwenye kituo cha utafiti wa nyuklia cha Ulaya, CERN, karibu na Geneva, walichapisha ushahidi kwamba radiamu 224 ina umbo hilo. Waliusoma kwenye miali ya gama, kwa vigunduzi vya jemaniamu vinavyopozwa kwa naitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri. Bila ubaridi huo, joto lenyewe hufungua elektroni ndani ya kigunduzi na kuvuruga vipimo.

Jambo lililotugusa zaidi ni kwamba radiamu 224 haipatikani Ulaya peke yake. Huzaliwa na thoriamu, na thoriamu imo kidogo kidogo katika udongo wa kila mahali, hata huu wa uwanja wetu. Radiamu hiyo hudumu siku chache tu, kisha mnyororo wa kiini kimoja kugeuka kingine huendelea hadi metali ya risasi, risasi 208, yenye protoni 82 na neutroni 126. Idadi zote mbili hujaza matabaka ya kiini kikamilifu, ndiyo maana kiini hicho ni tufe. Kabla ya kutulia, takriban mara moja kati ya tatu, hutoa mwali wa kiloelektronivolti 2,615. Mwali huo unapita hapa tulipoketi sasa hivi.

Sisi hatujawahi kuupima. Shule haina kigunduzi chochote cha mionzi, na kompyuta tunayotumia kusoma majedwali ni moja, ya ofisi ya taaluma, tunayoipata baada ya saa za kazi. Walimu wetu wametuvumilia sana.

Hivyo tunaomba mambo matatu. Kwanza, utusaidie kupata ziara ya mafunzo katika maabara ya Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania iliyopo Njiro, ambako sampuli za vyakula hupimwa mionzi. Ni mwendo mfupi kutoka hapa, na wengi wetu tumepita nje ya geti lake bila kujua kinachofanyika ndani. Pili, kigunduzi kidogo cha iodidi ya sodiamu, hata kilichokwisha kutumika. Hakina ukali wa jemaniamu, lakini mwali wa 2,615 uko juu ya mingine mingi ya ardhini, hivyo kitauonyesha. Tatu, kompyuta mbili za klabu.

Baada ya risala hii tunaomba upite meza ya kwanza kushoto. Wanafunzi wa kidato cha tano wamechora ngazi za urani 238 hadi ya nne, na wangependa uzigawanye namba mwenyewe.

Tunaomba kuwasilisha.

Wanachama wa Klabu ya Fizikia