Mwimbaji akiondoka, anzeni na kii

Mhariri,

Bendi ya dansi hapa Dar es Salaam ikifiwa au ikikimbiwa na mwimbaji wake tegemeo, mashabiki hudai atafutwe wa kumwigiza. Huko ni kumwonea mgeni, na wimbo pia.

Kipimwe kwanza kii, yaani kimo cha sauti ambacho wimbo mzima unapigiwa. Kama wimbo ulikuwa kwenye G na mgeni koo linamkaba akifika kwenye kiitikio, ushusheni. Wengi hukimbilia E kwa kuwa wapiga magitaa wanaipenda. Lakini noti za tarumbeta ya B flati na za saksafoni ya alto huandikwa juu kuliko zinavyosikika; hapo tarumbeta inasoma F shapu na alto inasoma C shapu, kii zenye shapu nyingi. Nyimbo tatu tu, noti zinaanza kuteleza. Shukeni nusu hatua zaidi, E flati: tarumbeta inasoma F, alto inasoma C, raha tupu. Wa gitaa la rithimu abane kapo, kile kibanio cha nyuzi, kwenye freti ya tatu, apige kama yuko C. Atakayenung'unika ni wa besi, maana E flati ya chini kabisa haimo kwenye besi ya nyuzi nne. Akiipigia freti ya sita ya uzi wa A, mngurumo unapungua na wachezaji wanausikia upungufu huo miguuni. Afadhali alegeze uzi wa E nusu hatua, akikumbuka kwamba vidole vyake kwenye uzi huo vitasogea freti moja mbele.

Halafu kuna mgawanyo wa kazi. Bendi ya roki ya Genesis ya Uingereza ilipoachwa na mwimbaji wake Peter Gabriel mwaka 1975, Phil Collins alitoka kwenye drams akashika maiki. Jukwaani ikabidi aletwe mpiga drams mwingine. Steve Hackett wa gitaa alipoondoka mwaka 1977, Mike Rutherford wa besi alibeba na gitaa la solo studioni, kinanda kikatawala zaidi. Muziki uligeuka kwa sababu kazi zilihama mikono. Sikinde, yaani Mlimani Park Orchestra ya hapa Dar, nayo mwaka 1985 ilichukuliwa wanamuziki wake kina Gurumo, Bitchuka na Abel Balthazar, wakaenda bendi ya International Orchestra Safari Sound, na haikufa.

Kwa hiyo pale mwimbaji wa awali alipokuwa akivuta sauti ndefu, mgeni asilazimishwe kuivuta. Akatishe, gitaa la sekondi solo lijaze. Na zile nyimbo kubwa za zamani zisifungue shoo. Zipigwe katikati, koo lake likiwa limeshapata moto.

Mpenzi wa dansi,
Magomeni, Dar es Salaam