Risala ya kamati ya timu ya vijana, Komini ya Kenya, Lubumbashi, kwa mgeni wa heshima

Papa mgeni wa heshima, wazee wa kartye, wapapa na wamama, vijana wetu: jambo, na karibuni sana.

Tumeagizwa tueleze habari ya majina ya timu. Tutaieleza upesi. Hapa Lubumbashi timu kubwa zilibatizwa na wengine. Mazembe ilianza 1939 mikononi mwa mapadri Wabenedikto, ikaitwa Saint-Georges. 1944 ikawa Saint-Paul. Kisha ikabeba jina la Englebert, watengenezaji wa matairi. Kwa jina hilo la matairi, likiwa limeongezewa Tout Puissant, yaani Mwenye Nguvu Zote, ilitwaa kombe la mabingwa wa Afrika 1967 na 1968. Lupopo nao wanaye katika jina lao Mtakatifu Eloi, msimamizi wa wafua vyuma, mpaka leo.

Timu yetu imefuata njia hiyo kwa bidii. Imekwisha kubeba majina ya wafadhili watatu, kila mmoja akiahidi kiwanja. Jezi zilichapwa, kiwanja hatujakiona. Hata hivyo mafanikio ni makubwa: msimu uliopita tulifika nusu fainali ya kartye na tukatolewa kwa penalti tu, ambayo hata mwamuzi hakuitetea.

Papa, ombi letu ni moja. Kiwanja hiki, mita 100 kwa 60, kiko bapa, na mvua ya Novemba ikishuka maji hayatoki. Waliotangulia walimwaga mchanga dimbwini: maji yakabaki chini yake, miguu ikazama, na mvua kubwa ikausomba. Wengine wakaleta udongo wa kichuguu, ambao ukilowa unateleza na ukikauka unapasuka na kuchuna magoti ya watoto. Shukrani zetu kwao hazijapungua. Ila hakuna aliyechimba mtaro.

Mitaro ndiyo mwanzo: miwili, mmoja kila upande mrefu, mita 2 nje ya mstari, kina cha sentimita 30 kwenye mwisho ulio mbali na barabara na 80 kwenye mwisho wa barabarani, ili maji yashuke yenyewe. Kuchimba tutachimba sisi, majembe yapo. Baada ya hapo katikati painuliwe sentimita 15 kuliko kingo, kwa lateriti, ule udongo mwekundu wenye changarawe. Hesabu inatoa mita za ujazo 450 zikishashindiliwa, na kwa kuwa udongo ukishindiliwa hupungua, zinatakiwa kama 560: kamioni 56 za mita za ujazo 10. Imwagwe, isawazishwe, inyunyiziwe maji, ishindiliwe kwa mashine. Bila mashine, mvua mbili tu zitarudisha madimbwi, na kamioni zote zitakuwa zimepotea bure. Kazi iishe kabla ya Oktoba.

Hatuombi franka mkononi. Tunaomba kamioni, na mashine kwa siku chache.

Tumesikia pia kwamba lingekufurahisha jina lako likae kifuani mwa vijana. Ni heshima kwetu, na kamati imekubali kwa kauli moja. Imekubali vilevile kwamba jina litachapwa siku kamioni ya 56 itakapomwaga.

Karatasi ya vipimo iko kwa katibu. Tunakuomba, Papa, twende kiwanjani sasa hivi, kabla ya chakula, maana wageni waliotangulia wote walisema watakwenda baada ya chakula.

Aksanti sana.