Vitu vya Kaka visifuliwe

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi, wewe na Mama na wote hapo nyumbani. Baada ya salamu, nakuomba: tangu Kaka apotee, vitu vyake visifuliwe wala visifutwe vumbi. Mswaki wake, kitana chenye nywele zilizong'oka na mizizi yake, kola ya shati alilovua, hivyo ndivyo maabara huweza kupata vinasaba (DNA) vya aliyepotea. Vaa glavu. Kila kitu kikauke, kisha kiingie kwenye bahasha yake ya karatasi. Plastiki hapana, kwa sababu hushika unyevu, ukungu ukaota, vinasaba vikaharibika. Juu yake andika ni kitu gani, kilikuwa wapi, nani alikifunga na tarehe gani. Kama mswaki ule aliwahi kuutumia mwingine, mtaje, la sivyo maabara itamdhania yeye ndiye Kaka.

Kinachoninyima usingizi hasa ni sampuli ya Mama. Mtoto huchukua nusu ya vinasaba vyake kwa mama na nusu kwa baba, bila kukosea. Mimi na wewe tunalingana na Kaka kama nusu pia, lakini hiyo ni wastani tu, hupanda na kushuka, kwa hiyo ndugu mmoja peke yake hutoa jibu dhaifu. Mama apimwe mwezi huu huu. Hatachomwa sindano, ni kijiti cha pamba cha kusugua ndani ya mashavu. Asile wala asinywe kitu nusu saa kabla.

Kwa kuwa Baba ametutoka, Baba Mdogo naye atoe, maana kromosomu Y, sehemu ya vinasaba waliyo nayo wanaume, hushuka kuumeni kutoka baba hadi mwana wa kiume. Shangazi hana, hata akitaka sana kusaidia. Mjomba ana vinasaba vya mitokondria, vile ambavyo mtoto hurithi kwa mama tu, sawa na vya Mama, na hivyo mara nyingi hupatikana hata kwenye mifupa ya zamani ambayo vingine vimekwisha kuharibika. Waeleze wote kabla ya kukubali kwamba kipimo kinaweza kuibua siri ya nani ni mtoto wa nani. Atakayekataa asisukumwe.

Polisi waombeni namba ya jalada, na waombeni wapeleke ombi la notisi ya njano, yaani tangazo la kumtafuta aliyepotea, Interpol, shirika la polisi wa kimataifa, kwani familia haiwezi kuliomba moja kwa moja. Tangu 2021 Interpol ina mfumo uitwao I-Familia, unaolinganisha vinasaba vya jamaa na vya maiti wasiotambuliwa kutoka nchi mbalimbali.

Kwenye matangazo tumieni picha anayocheka, meno yaonekane, isiyochezewa na programu. Lile kovu la nyuma ya goti msilitaje popote. Akipiga mtu kudai anaye Kaka na anataka pesa, muulizeni kovu liko wapi.

Boksi la simu ya Kaka lina namba ya IMEI, namba ya kuitambulisha simu yenyewe, tarakimu 15. Ipige picha unitumie leo.

Mdogo wako